Kibali cha Kumpasha Bi Chausiku

Nilimkuta anapika uji wa mzazi.

Nilikuwa bado nje na mkoba wangu wa fundi, sijapiga hodi, harufu ya pilipili manga ikanifikia puani. Mzazi mwenyewe, Tatu, binti yake wa pekee, alikuwa amefariki tangu alfajiri. Mtoto alitoka salama, mama damu haikukatika. Kitongoji kizima kilijua. Mtu mmoja tu hakujua, na huyo ndiye aliyekuwa akikoroga sufuria.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu! Pita, usiogope moshi."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenikuta nina furaha leo, nimepata mjukuu wa kike. Wamenipigia simu asubuhi hii. Yule dada wa kwenye simu ana sauti hiyo, kama anakupa asali kwa kijiko! Hongera Bi Chausiku, mjukuu wako ana kilo tatu na robo. Nikamuuliza, na mama mtu? Simu ikakata."

Simu ilikata kwa sababu ndivyo ilivyoagizwa kufanya. Habari njema inakwenda moja kwa moja kwa mwenyewe. Mbaya inapita kwanza ofisini kwetu, na kama moyo wa mtu hauna nguvu ya kuipokea, inawekwa. Sisi wenyewe kazini tunaiita kiporo. Bi Chausiku alikuwa na viporo vitatu. Cha kwanza dada yake wa Korogwe, aliyezikwa wiki tatu zilizopita. Cha pili shoga yake wa utotoni. Cha tatu Tatu.

"Nimekuja kubadilisha betri ya kupe," nikamwambia.

"Haya, mbadilishie. Mnyonyaji huyo, hata shukrani hana."

Akashusha kanga kidogo begani. Kupe alikuwa amekaa mahali pake, chini ya ziwa la kushoto, mdogo kama punje ya haragwe, taa yake ikiwaka njano.

*

Kila aliyefika miaka arobaini huvishwa kupe. Jina lake la serikali ni refu, mimi mwenyewe silimalizi, lakini watu walipoona kinavyong'ang'ania ngozi hata ukioga wakakiita kupe, na ofisi nayo ikazoea. Kazi yake ni kusikiliza moyo na kuuchora. Mchoro unakuja kwenye kioo changu cha mkononi: kilima kidogo, halafu mwiba mrefu, halafu mstari unalala, halafu kilima tena. Moyo mmoja, mwiba mmoja.

Mwiba ndio unaopendwa na watu wasiojua. Sisi tunatazama pale mstari unapolala baada ya mwiba. Moyo ukipata damu ya kutosha, mstari unalala sawa na sakafu, kama mkeka uliotandikwa vizuri. Mishipa ikibana, nyama ya moyo ikikosa damu, mkeka unazama. Unazama kidogo tu, nusu milimita, milimita moja, sisi tunasema mili, na mwenyewe anaweza kuwa amekaa anacheka, hasikii chochote. Ukizama mili moja, kupe anakuwa njano na habari zote mbaya zinazuiwa siku tatu, kisha unapimwa upya. Ukizama mili mbili kwa muda wa dakika mbili, anakuwa mwekundu, anatuma mahali ulipo, na watu wa pikipiki wanakuja kukuchukua, utake usitake.

Mimi niliishia darasa la saba. Niliingia kazi hii kwa sababu ya macho yangu. Kwenye usaili walitupanga mbele ya michoro, wenzangu wenye vyeti wakachoka, mimi nikakaa nayo mpaka jua likahama dirishani, nikawaonyesha mmoja uliozama nusu mili. Na niliingia kwa sababu ya baba. Baba alikuwa shambani anapalilia kabichi, mtu akapita barabarani akapaza sauti, "Shemzigwa, kaka yako kafa na gari!" Baba akasema, "Nani?" Halafu akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Hakuinuka.

Kwa hiyo sheria ilipotoka, mimi niliipenda. Nasema kweli. Sheria inasema mtu akimpasha msiba mwenye kupe wa njano bila kibali, na yule akafa, ni kuua kwa kinywa. Kifungo miaka kumi na mitano. Sauda, aliyekuwa na eneo hili kabla yangu, yuko ndani mwaka wa pili sasa. Mkoba nilioubeba ulikuwa wake, na jina lake limeandikwa ndani kwa kalamu ya wino.

Nilibadilisha betri nikatazama kioo. Mili moja na robo.

*

Nilipaswa kuondoka. Badala yake nilikaa kwenye kigoda, nikajifanya napima kwa muda mrefu.

Bi Chausiku alikuwa na maneno mengi. Akanieleza Tatu alivyokuwa mbishi tumboni, akageuka siku ya mwisho. Akanieleza mkwe wake Mbelwa, mwanamume mzuri ila anakoroma kama mashine ya kusaga. Alipokuwa akisema hayo mkeka ulipanda, robo tatu, nusu. Nikaona taa inataka kurudi kijani. Halafu miguu ikapita barabarani, kwa, kwa, kwa. Bi Chausiku akanyamaza, mwiko juu. Mkeka ukazama mili moja na nusu. Miguu ikapita. Akaendelea kukoroga, lakini mstari ulichukua muda kupanda.

Simu yake ikalia mezani, tangazo tu la vocha. Mkeka ukazama tena.

Nikafungua kumbukumbu za kupe wake za nyuma. Miezi yote ya awali alikuwa na robo mili, moyo wa mzee wa kawaida. Kuzama kulianza wiki tatu zilizopita kwa homa ya siku mbili, na tangu hapo kila kulipozama, kupe alikuwa amenasa sauti fulani: mlango, simu, miguu. Nikazirudia zote tangu mwanzo, polepole. Moyo ule ulikuwa unauogopa mlango. Tulikuwa tumemfungia habari zisimdhuru, na sasa kule kufungiwa ndiko kulikokuwa kunambana mishipa, siku baada ya siku.

Hodi ikapigwa kweli. Mama Sefu, jirani wa nyumba ya chini, mwanamke mnene anayeendesha bajaji. Alikuja kurudisha chekecheo.

"Ndiyo umeamka leo?" Bi Chausiku akamtania. "Nilidhani leo wewe ndiye umeibeba bajaji badala ya yenyewe kukubeba."

Mama Sefu akacheka, kicheko kikatoka nusu. "Dada Chau, una mambo."

"Haya, onja uji. Umwombee mwenzio maziwa yajae."

Kwetu huku milimani mtu akiingia nyumba inayopikwa uji wa mzazi, huonja kijiko kimoja na kusema, Mungu ajaze. Hakuna anayekataa. Mama Sefu akakitazama kijiko kama amepewa kaa la moto.

"Tumbo langu leo, dada. Nitapita baadaye." Akatoka. Nilimwona kupitia dirishani akiziba mdomo kwa kanga.

Bi Chausiku akabaki ameshika kijiko. Kioo changu kikaandika mili moja na robo tatu.

*

Nilitoka nyuma ya nyumba, chini ya mpeasi, nikampigia mkuu wangu, Mzee Kihiyo.

"Ana ngapi?"

"Inapanda inashuka, mzee. Lakini nimetazama kumbukumbu zake, kinachomzamisha ni wasiwasi. Hajui anaogopa nini. Nadhani akiambiwa—"

"Nimeuliza ngapi."

"Moja na robo tatu."

"Kiporo. Siku tatu."

"Mzee, Tatu anaoshwa saa nane. Akishaswaliwa alasiri anazikwa. Huyu ni mama yake, ndiye wa kumwosha."

"Nani kakuuliza habari za maji?" Halafu sauti yake ikalainika, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi. "Mwantumu, binti yangu. Wewe ulimwona baba yako. Katika ofisi nzima hii, wewe ndiye wa kuniambia nimwue mtu?"

Alisema kweli. Nilimwona baba. Nilikuwa nimeshika ndoo, maji yakanimwagikia miguuni.

"Kuna makaburi ya kutembelea," Mzee Kihiyo akasema. "Kaburi halikimbii. Funga mkoba uondoke."

*

Niliporudi ndani alikuwa amekwishaepua sufuria. Alikuwa amekaa mkekani, kikombe cha bati kimejaa uji mbele yake, kijiko ndani.

"Kaa hapa," akasema. "Wewe si fundi."

"Fundi, bibi. Betri si nimekubadilishia?"

"Fundi hubadilisha akaenda zake. Wewe umekaa saa nzima unakichungulia hicho kioo kama mtu anayechunga maziwa yasifurike."

Nikakaa.

"Tangu huyu mdudu awake njano," akasema, "sijasikia msiba hata mmoja. Hata mmoja, mwanangu. Mlima mzima huu, watu wameacha kufa? Mwanzo nilishukuru Mungu. Halafu nikaanza kuogopa. Dada yangu Korogwe, simu haipatikani wiki ya tatu. Nikiuliza, ooh, mtandao. Nikisikia miguu nasema ndio hao wanakuja. Hawaingii. Wanapita. Usiku sijui, mchana sijui. Afadhali wangeingia."

Mkeka ulikuwa mili moja na robo tatu. Nilikiweka kioo pajani kisionekane.

"Mimi sikuulizi kitu. Sheria yenu naijua, nikikuuliza ukajibu unakwenda kukaa na wenzio ndani. Basi usiseme. Ila uji wa mzazi huonjwa. Mke wa imamu alikuja kuazima ungo, kakataa. Muuza maji kakataa, na yule ni mlafi tangu mtoto. Mama Sefu umemwona. Onja wewe. Kijiko kimoja, useme Mungu ajaze. Ukionja, nafunga kinywa changu, naufunga uji, nasubiri Mbelwa aje kunichukua. Sitakuuliza tena milele."

Akanisogezea kikombe.

Nilikishika. Kilikuwa cha moto, nikakipokea kwa mikono miwili. Nikawaza, ni uji tu. Unga, maziwa, pilipili manga. Nikimeza, moyo huu utaendelea kupiga leo, na kesho, na huenda siku ya tatu mkeka ukapanda nikaja kumweleza vizuri, amekaa, dawa iko karibu. Na Tatu atakuwa chini ya udongo, ameoshwa na wengine. Nikimeza namdanganya. Nisipomeza labda namwua. Nikamwona baba akikaa chini taratibu.

Nikainua kijiko. Wallahi nilijaribu. Kikafika mdomoni, nikausikia mvuke. Nikafungua midomo niseme Mungu ajaze, na neno lenyewe likanikataa. Maziwa ya nani yajae?

Nikarudisha kijiko. Nikakiweka kikombe mkekani, polepole, bila kumwaga.

Bi Chausiku hakupiga kelele. Alikitazama kikombe. Kisha akauchukua mwiko akaulaza juu ya sufuria, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku hiyo.

"Tatu," akasema.

Kioo kikaanza kulia pajani mwangu. Mili mbili. Mili mbili na robo. Chini kona ya kioo saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma kutoka dakika mbili. Mkono wake ukaenda kifuani, midomo ikawa ya majivu, jasho likamtoka juu ya pua.

"Bibi, egemea ukuta. Usilale. Inua ulimi."

Nikatoa kichupa cha vidonge mkobani, kikagoma kufunguka, nikakifungua kwa meno. Nikamwekea kidonge chini ya ulimi. "Usimeze. Kiache kiyeyuke. Vuta pumzi na mimi."

Mbili na nusu. Zimebaki sekunde tisini. Nikawa namtazama yeye, natazama kioo, natazama yeye. Sabini. Mbili na nusu, pale pale. Nikasema moyoni, Mwantumu, umemwua, na hata neno hujasema. Hamsini. Arobaini. Akanishika kifundo cha mkono, kucha zikaingia.

Ishirini na tano. Mbili na robo.

Kumi na mbili. Moja na robo tatu. Saa ikasimama. Kupe akabaki njano.

Tulikaa hivyo, mimi nikilia kimyakimya, yeye halii.

"Wanamwosha saa ngapi?"

"Saa nane."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saba na nusu, bibi. Lakini wewe ni wa kwenda hospitali. Moyo wako unaweza kusimama njiani."

"Unaweza," akasema. "Na hapa nikikaa hauwezi?" Akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu. "Nikishamwosha mwanangu nipeleke utakako. Mwite Mama Sefu na bajaji yake. Na huo uji uufunike, tunakwenda nao. Kuna mtu atataka kula kule."

*

Nyumba ya Mbelwa ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Mama Sefu aliendesha kama amebeba mayai, machozi yanamtiririka. "Dada Chau, nisamehe, dada." Bi Chausiku akamjibu mara moja tu: "Tazama mbele, utatuua sote, wasipate wa kuwazika."

Tulipofika uani sauti zikakatika. Wanawake waliokaa mikekani wakainuka, wawili wakakimbilia nyuma ya nyumba, kwa sababu sheria haisemi itamkamata nani ikiwa watu ni wengi. Mbelwa akaja amembeba mtoto kifuani, macho mekundu.

"Nani kamwambia?" akauliza. "Jamani, nani kamwambia mama?"

"Uji," Bi Chausiku akasema. Akamfunua mtoto uso, akautazama, akamfunika. "Maji yako wapi?"

Chumba kilikuwa kimezibwa kwa pazia la shuka. Nilisikia harufu ya majani ya mkunazi na karafuu maiti. Kabla hajaingia akanigeukia, akashusha kanga begani.

"Mbandue huyu."

"Bibi, siwezi. Nikimbandua sitaona kitu. Ukizidiwa sitajua."

"Akilia humu ndani watakuja watu wa pikipiki wanitoe, mwanangu kaoshwa nusu. Mbandue."

Kupe akikaa dakika moja bila joto la mwili, ofisi inapata taarifa. Nilijua. Nilimbandua kwa kucha, kama tulivyofundishwa, nikafungua vifungo vyangu nikambandika chini ya ziwa langu mwenyewe. Kupe hajui ni wa nani. Anajua joto na damu tu. Alikuwa bado vuguvugu. Nilimsikia aking'ata.

Bi Chausiku akapokea kidonge cha pili, akakikunja kwenye pindo la kanga. Akaingia. Pazia likaanguka.

Nikabaki nje na kioo. Mwiba, mwiba, mwiba, mbio kama mtu anayefukuzwa. Lakini baada ya kila mwiba mkeka ulilala sawa na sakafu, bila hata nusu mili. Moyo wangu wa miaka ishirini na minne unaweza kuogopa hivyo na damu ikapita tu. Mwaka wa pili huu nachungulia mioyo ya watu, na huo ndio uliokuwa wa kwanza nisiotaka kuuona.

Nikaanza kusikiliza maji. Kata inachota, inamwaga upande wa kulia. Inachota, inamwaga. Sauti yake ya chini ikimwambia mtu kitu, kama unavyomwambia mtoto ainue mkono umvalishe gauni. Inachota.

Haikumwaga.

Nikasubiri. Nikahesabu mpaka kumi. Mpaka ishirini. Simu ikatetemeka mkononi, Mzee Kihiyo, na ofisi ikipiga usipopokea wanatuma watu.

"Naam, mzee."

"Mwantumu! Natazama mstari wa bibi yako hapa." Sauti ilikuwa ya furaha. "Unakwenda mbio kidogo, lakini mkeka umenyooka, sijapata kuona. Kupe amekuwa kijani. Umemfanyaje?"

"Nimekaa naye tu, mzee."

Nyuma ya pazia kimya.

"Nilikwambia. Subira. Sasa sikiliza, nimesaini. Kibali kimetoka. Mpashe. Taratibu, kama ulivyofundishwa, anza kwa kusema binti anaumwa."

Nikalisogeza pazia kwa kidole. Bi Chausiku alikuwa amepiga magoti, kata imelala sakafuni, shavu lake limelala juu ya paji la uso wa Tatu. Hakutikisika. Sikuona mgongo ukipanda wala kushuka. Chumba kilikuwa kiza, na macho yangu, haya yaliyonipa kazi, hayakunisaidia kitu.

"Bibi," nikanong'ona. "Bibi Chausiku."

"Mwantumu? Upo?" Mzee Kihiyo akaita sikioni.

Mkono mmoja ukasogea. Ukapapasa sakafuni, ukaipata kata.

"Shusha pazia," Bi Chausiku akasema bila kugeuka. "Upepo unamwingia mwenzio."

Nikalishusha. Ukuta ulikuwa karibu, nikauegemea.

"Nimempasha, mzee," nikasema.

"Vizuri. Amepokeaje?"

Nilikuwa nasikiliza, mpaka maji yakaanza tena kumwagika.